Rais mpya Marekani: nini hubadilika, nini hubaki

*Shikamoo mwalimu. Naishi Tabora. Mwaka 2008 nilikuwa sekondari, tulikesha kwenye redio kusubiri matokeo ya Obama, tukaambiwa Marekani haitakuwa tena ile tunayoijua. Akapita, akaja Trump, akaja Biden, akarudi Trump, na kila mmoja aliahidi kuigeuza nchi. Mimi naona mambo ni yale yale: vyama viwili, matajiri na fedha zao, lile gereza la Guantanamo la watuhumiwa wa ugaidi bado lipo, bungeni ni ugomvi. Lakini mwanzoni mwa 2025 shemeji yangu, aliyekuwa mtunza takwimu kwenye kliniki ya CTC, ile ya tiba na matunzo ya wenye VVU, chini ya mradi wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alisimamishwa kazi kwa barua moja, muda mfupi tu baada ya rais kuapishwa. Sasa nishike lipi? Rais wa Marekani ana nguvu au hana? Na akija mwingine Januari 2029, mambo yatarudi kama yalivyokuwa?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa shemeji. Yote mawili uliyoyaona ni ya kweli, wala hayagombani. Rais mpya wa Marekani ana uwezo mdogo wa kubadilisha namna nchi yake inavyoendeshwa ndani, na uwezo mkubwa sana wa kubadilisha kile ambacho nchi hiyo inawafanyia watu wa nje. Sisi tuko nje. Mtu wa Ohio anaweza kulalamika kwamba amepigia kura marais watano na bima yake ya matibabu bado inamkausha mfuko, na wakati huo huo mtu wa Tabora anakosa kazi kwa saini moja ya Washington. Yule wa Ohio ana mbunge, ana maseneta wawili, ana gavana, na ana majaji wa kuwakimbilia. Shemeji yako hana hata mmoja kati ya hao.

Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani. Watanzania wengi tunamtazama rais wao kwa jicho tulilozoea kumtazamia wetu. Rais wa Tanzania anateua wakuu wa mikoa na wa wilaya, anateua wabunge hadi 10, mawaziri wake wanakaa bungeni, na Bunge likikataa bajeti ya serikali, Katiba inamruhusu kulivunja. Wa Marekani hana hata kimoja katika hivyo. Magavana 50 wanachaguliwa na watu wa majimbo yao, na wale wa chama pinzani wanampeleka mahakamani kila kukicha. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Bunge la Congress, lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, halivunjwi na mtu yeyote. Kile kinachoitwa bajeti ya rais ni mapendekezo tu, na wabunge wakitaka wanayaweka pembeni na kuandika ya kwao. Wasipoelewana, ofisi za serikali zinafungwa. Zilifungwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 kwa sababu Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpaka wa Mexico. Akaishia kupewa bilioni 1.375. Mwaka 2025 zikafungwa siku 43. Hata polisi si wake. Askari aliyemuua George Floyd pale Minneapolis, Mei 2020, alikuwa mwajiriwa wa jiji, akashitakiwa na jimbo la Minnesota. Wasomaji wa Kenya wataielewa picha hii haraka kuliko sisi, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 ilichota mengi kutoka huko.

Sasa twende Guantanamo, maana umeitaja, na ndani yake mna jibu zima la nusu ya kwanza ya swali lako.

Obama aliapishwa tarehe 20 Januari 2009. Tarehe 22 akasaini amri kwamba gereza lile lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Lilikuwa na wafungwa 240 hivi. Chama chake cha Democratic kilikuwa na wingi kwenye mabaraza yote mawili ya Bunge. Mpinzani wake aliyeshindwa uchaguzi, John McCain, naye alikuwa ameahidi kulifunga, na hata George W. Bush, rais aliyelifungua, alishawahi kusema angependa lifungwe. Ukiona makubaliano ya namna hiyo utadhani kazi imekwisha. Mei mwaka huo huo Seneti ikapiga kura 90 kwa 6 kumnyima fedha za kuwahamisha wafungwa. Iangalie tena hesabu hiyo: wengi wa waliomnyima walikuwa wa chama chake, miezi minne tu baada ya kumshangilia akila kiapo. Hakukuwa na njama yoyote. Kila seneta alijiuliza atawaambia nini watu wa kwao kwamba ameruhusu magaidi waletwe kwenye gereza la jirani, akakosa jibu, akapiga kura ya kukataa.

Kisa hiki kinatugusa kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika wafungwa wote wa Guantanamo, mmoja tu ndiye aliyewahi kupelekwa kuhukumiwa kwenye mahakama ya kiraia ndani ya Marekani, naye ni Mtanzania: Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, aliyeshitakiwa kwa milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Serikali ya Obama ilimpeleka New York mwaka 2009 ili ionekane kwamba mahakama za kawaida zinatosha kwa kesi hizi. Novemba 2010 baraza la raia walioisikiliza kesi likamtia hatiani kwa shitaka 1 na kumwachia kwa mashitaka 284. Hilo moja lilitosha: Januari 2011 jaji alimfunga kifungo cha maisha. Kisheria serikali ilipata ilichokitaka. Kisiasa ilianguka kifudifudi, kwa sababu wapinzani waliziimba zile 284 asubuhi na jioni. Bunge likaingiza ndani ya sheria ya ulinzi ya mwaka huo marufuku ya kutumia hata senti moja kuwaleta wafungwa kwenye ardhi ya Marekani. Obama akaisaini Januari 2011 huku akiandika kwamba haikubali marufuku hiyo, maana sheria hiyo hiyo ndiyo iliyobeba idhini za jeshi lililokuwa vitani Iraq na Afghanistan. Alipoondoka Ikulu ya White House mwaka 2017, wafungwa walikuwa wamebaki 41 na gereza liko wazi.

Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba alipunguza wafungwa kutoka 240 hadi 41. Wale ambao ilitosha awatafutie nchi ya kuwapokea, aliwatoa. Kulifunga lenyewe, jambo lililohitaji fedha za Bunge, kulimshinda.

Kwa mambo yanayodai sheria mpya kabisa, kikwazo kikubwa ni Seneti. Ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, awe ametoka California yenye watu milioni 39 hivi au Wyoming isiyofika laki sita. Na kwa desturi yao, muswada mwingi hauwezi hata kufikia kura ya mwisho mpaka maseneta 60 wakubali mjadala ufungwe. Chama kupata viti 60 ni bahati ya nadra. Obama alikuwa navyo kwa miezi michache tu, na ndani ya dirisha hilo dogo Seneti ilipitisha bima yake ya afya, kura 60 kwa 39, asubuhi ya mkesha wa Krismasi ya 2009. Wiki chache baadaye akakipoteza kiti cha 60 katika uchaguzi mdogo wa Massachusetts, na kupitisha sheria kubwa kukawa kugumu zaidi. Trump naye, alipotaka kuifuta bima hiyo mwaka 2017 kwa njia ya bajeti inayohitaji wingi wa kawaida tu, alishindwa kwa kura 49 dhidi ya 51, mmoja wa waliomwangusha akiwa McCain wa chama chake. Kwa hiyo marais wawili waliokuwa mbingu na ardhi waligonga ukuta ule ule, mmoja akijenga na mwingine akibomoa.

Halafu muda wenyewe ni mfupi. Baraza la Wawakilishi, viti vyote 435, linachaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Tangu Vita Kuu ya Pili, chama cha rais kimeongeza viti kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula mara mbili tu, 1998 na 2002. Mara nyingine zote kimepoteza. Clinton alipoteza zaidi ya viti 50 mwaka 1994, Obama 63 mwaka 2010, Trump kama 40 mwaka 2018. Rais mpya, kwa hiyo, anapewa miezi kama 18 ya kutunga sheria, na baada ya hapo anatawala kwa kalamu.

Na kalamu ndiyo iliyomfikia shemeji.

Amri ya rais haipiti bungeni. Anaisaini, idara zinatekeleza, basi. Ubaya wake kwa aliyeisaini, na uzuri wake kwa mpinzani, ni kwamba imeandikwa kwa chaki: anayekuja anafuta. Mfano ulio wazi kuliko yote, na unaozihusu kliniki za Afrika Mashariki moja kwa moja, ni ile sera ya Mexico City. Reagan aliitangaza mwaka 1984: shirika lolote la nje linalotoa mimba au hata kumshauri mama kuhusu kuitoa lisipate fedha za Marekani za uzazi wa mpango. Clinton akaifuta Januari 1993. Bush akairudisha Januari 2001. Obama akaifuta Januari 2009. Trump akairudisha Januari 2017, tena akaipanua iguse karibu misaada yote ya afya. Biden akaifuta Januari 2021. Trump akairudisha Januari 2025. Miaka arobaini, na tangu Clinton kila mara ni Januari, mwezi wa kiapo. Muulize yeyote aliyewahi kusimamia kliniki ya uzazi wa mpango Kenya au Tanzania. Anajua kabisa kwamba uchaguzi wa Novemba wa Wamarekani ndio unaomwambia kama atawalipa wauguzi wake mwaka ujao. Mkataba wa Paris wa tabianchi umekwenda vivyo hivyo: wameingia, wametoka, wamerudi, wametoka.

Katika mambo hayo hakuna Mmarekani wa kawaida anayepoteza kitu anachokiona. Hakuna hospitali ya Ohio inayofungwa, hakuna mbunge anayezomewa kwao. Ndiyo sababu marais huanza na mambo ya nje siku ya kwanza kabisa: gharama yake ya kisiasa ni ndogo na makofi ni mengi. Marufuku ya Januari 2017 dhidi ya wasafiri kutoka nchi saba, zikiwemo Somalia na Sudan, ilitoka ndani ya wiki moja ya urais. Mahakama ziliikwamisha mara mbili, ikaandikwa upya mpaka Mahakama ya Juu ikaikubali Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4. Biden aliifuta siku aliyoapishwa. Juni 2025 ikaja nyingine, na Burundi ikawekewa vikwazo vya visa. Upande wa ndani hali ni tofauti. Biden alipojaribu kufuta madeni ya wanafunzi ya dola bilioni 400 hivi kwa mamlaka ya wizara yake ya elimu, Mahakama ya Juu ilimkatalia Juni 2023.

USAID hata hivyo si kisa cha chaki tu. Shirika hilo lilianzishwa chini ya Kennedy mwaka 1961, na baadaye Bunge likalitambua kwa sheria. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Machi waziri wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika likakoma kazi na mabaki yake kuingizwa wizarani. Kwa desturi ya miaka yote, Bunge lingewaka moto, kwani fedha zile lilikuwa limezipitisha lenyewe. Safari hii wenye wingi walinyamaza, na Julai wakapitisha sheria ya kurudisha hazina dola bilioni 9 hivi, karibu 8 kati yake zikiwa za misaada ya nje.

Kwa nini walinyamaza? Hapa ndipo rais mmoja, Trump, amebadilisha siasa za Marekani kweli kweli, ingawa si kwa njia wanayoitangaza kwenye kampeni. Amebadilisha chama chake. Maeneo mengi ya ubunge kule yamechorwa, au watu wamejihamia wenyewe, kiasi kwamba mshindi wa Novemba anajulikana mapema. Pambano la kweli linabaki kwenye kura za maoni ndani ya chama, ambako wapigaji ni wachache na ni wale wenye msimamo mkali. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapo. Mwaka 2021 wabunge 10 wa Republican, chama cha Trump, walipiga kura kumshitaki kwa tukio la tarehe 6 Januari, wafuasi wake walipovamia jengo la Bunge. Ni wawili tu waliorudi bungeni baada ya uchaguzi uliofuata. Wengine walistaafu au waliangushwa kwenye kura za maoni. Liz Cheney, binti wa aliyekuwa makamu wa rais, aliachwa Wyoming kwa tofauti ya pointi 37 hivi. Waliobaki waliuona mfano huo. Chama kilichokuwa kikihubiri biashara huria tangu enzi za Reagan sasa kinatetea ushuru, na wale wale walioipitisha miradi ya afya ya Afrika wakiwa na Bush wanakaa kimya.

Nimesema wanakaa kimya, ila si wote. Ndani ya ule muswada wa Julai 2025 ikulu iliomba pia kukata dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa dawa za VVU ulioanzishwa na Bush mwaka 2003 ambao Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo tangu mwanzo. Maseneta kadhaa wa chama cha Trump mwenyewe walikataa, na fungu hilo likaondolewa. PEPFAR iliandikwa kwenye sheria, ikapitishwa na vyama vyote viwili, na baadhi ya waliobaki bungeni wanaiona ni kazi ya mikono yao. Haikupona jeraha lote, na kazi ya shemeji ni ushahidi, lakini tofauti yake na programu zilizoishi kwa maagizo ya wizara ilionekana.

Utaniuliza kama kuna rais aliyewahi kubadilisha nchi yenyewe. Wapo. Franklin Roosevelt, aliyechaguliwa 1932 nchi ikiwa imelala chini kwa mdororo wa uchumi, aliacha pensheni ya uzee ya 1935 ambayo hakuna rais aliyethubutu kuifuta, na chama chake kikashika Baraza la Wawakilishi karibu muda wote mpaka 1995. Ila mfano ninaoupenda kuufundisha ni Lyndon Johnson, kwa sababu unawashangaza wanaoamini uchaguzi ndio kila kitu. Sheria ya Haki za Kiraia ya Julai 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi hotelini, migahawani na kazini, ilipitishwa na rais ambaye hakuwa amechaguliwa kushika kiti hicho. Johnson alikirithi Kennedy alipouawa Novemba 1963. Maseneta wa Kusini, wa chama chake, waliizuia kwa hotuba kwa zaidi ya miezi miwili. Mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29, na kati ya hizo 71, 27 zilikuwa za chama pinzani. Nyuma ya kura hizo kulikuwa na miaka ya watu weusi kugomea mabasi, kukaa kwenye meza walizokatazwa na kujaza mahabusu. Mwaka uliofuata, baada ya askari kuwapiga waandamanaji darajani Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, ikaja Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, safari hii Johnson akiwa ameshinda uchaguzi kwa kishindo na chama chake kikiwa na maseneta 68. Oktoba mwaka huo huo akasaini sheria ya uhamiaji iliyofuta ule mgao wa tangu miaka ya 1920 uliowapendelea Wazungu wa Ulaya Kaskazini. Sheria hiyo ni moja ya zilizofungua njia kwa jamii za Waswahili, Wakongo na Wasomali unazozisikia leo Minneapolis, Columbus au Dallas.

Johnson alikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: wingi mkubwa bungeni, msukumo wa watu barabarani, na ujuzi wa miaka mingi wa kuwabana maseneta mmoja mmoja. Marais wa siku hizi wanaingia na kimoja, wakibahatika viwili. Na alilipa: sehemu kubwa ya Kusini, iliyokuwa ngome ya chama chake kwa karibu miaka mia moja, ilihamia kwa Republican, na haijarudi.

Tena hata jengo la Johnson limeng'olewa matofali. Juni 2013 Mahakama ya Juu iliondoa kifungu muhimu cha ile Sheria ya Kupiga Kura, kilichoyalazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba ruhusa kabla ya kubadilisha taratibu za uchaguzi. Aliyekuwa ikulu siku hiyo ni rais wa kwanza mweusi, na hakuwa na la kufanya zaidi ya kutoa taarifa ya masikitiko. Majaji hawa wanakaa maisha. Clarence Thomas aliteuliwa na Bush mzee mwaka 1991; Bush aliangushwa baada ya muhula mmoja, alishafariki, na Thomas bado anaandika hukumu. Carter alitawala miaka minne bila kupata nafasi hata moja ya kuteua kwenye Mahakama ya Juu. Trump alipata tatu katika muhula wake wa kwanza, moja kati ya hizo kwa sababu maseneta wa chama chake walikataa hata kumsikiliza mteule wa Obama mwaka 2016. Wateule hao watatu ndio waliokamilisha wingi uliofuta haki ya kitaifa ya kutoa mimba Juni 2022, Biden akiwa rais. Mtu akipiga kura ya urais kule, huenda matunda yake, matamu au machungu, yakaiva wakati aliyemchagua yuko nyumbani kwake analea wajukuu.

Kuhusu matajiri na vyama viwili, nitakuwa mfupi, kwa kuwa hapo malalamiko yako ni sahihi tupu. Kanuni zinazoamua nani anashinda haziko mikononi mwa rais. Kura za wajumbe 538 wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, ambazo zilimpa Trump ushindi mwaka 2016 ingawa Hillary Clinton alimzidi kura za wananchi kwa karibu milioni 2.9, zimo kwenye Katiba. Kuirekebisha kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza na majimbo 38 kati ya 50, na rais hana hata nafasi ya kutia saini. Mfumo wa anayeongoza kuchukua chote ndio unaozimeza sauti za watu wa tatu: Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura mwaka 1992 na hakuambulia hata mjumbe mmoja. Fedha zilifunguliwa mlango na Mahakama ya Juu Januari 2010, iliporuhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia wanachotaka kwenye uchaguzi mradi wasimpe mgombea mkononi. Ila na wagombea wasijitoe. Mwaka 2008 kulikuwa na ruzuku ya umma ya kampeni iliyotumiwa na wagombea wa vyama vyote viwili tangu 1976. McCain aliichukua, dola milioni 84, na kufungwa na kikomo chake. Aliyeikataa ili achangishe bila kikomo ni Obama, yule yule mliyemkeshea redioni. Tangu hapo imekufa kibudu.

Sasa 2029. Kurudi kama yalivyokuwa, hapana. Rais atakayeapishwa Januari hiyo anaweza kufuta amri nyingi siku ya kwanza, na sera ya Mexico City karibu hakika itatoka akiwa wa Democratic. Lakini shirika la watu takriban elfu kumi halirudi kwa saini. Wataalamu wake wametawanyika, majengo yamegawiwa, na fedha zitabidi ziombwe upya kwa Bunge ambalo limezoea kuishi bila gharama hiyo. Na njia yenyewe ya fedha imehama. Mkakati wao wa afya wa Septemba 2025 unataka mikataba ya serikali kwa serikali, na wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi wahamie taratibu kwenye malipo ya nchi zao. Kenya ilitia saini ya kwanza ya namna hiyo Desemba 2025. Hata rais wa chama kingine anaweza kuona ni rahisi kuendelea na njia hiyo kuliko kuyarejesha mashirika ya kati.

Ukitaka kujua mapema upepo unaelekea wapi, usisubiri kura za urais. Fuatilia nani anashika kamati za matumizi za mabaraza yote mawili na fungu la afya ya dunia wanaloliandika kila mwaka, na kama PEPFAR inahuishwa kwa sheria au inaburuzwa kwa muda mfupi mfupi. Shemeji naye asingoje mradi. Aende kwa mganga mkuu wa wilaya aulizie nafasi za mkataba za halmashauri, maana takwimu za CTC hazijaacha kuhitajika, na aambatanishe vyeti vyote vya mafunzo ya mifumo aliyopewa na mradi, hata vile vya siku mbili.